Unyevu wa Ukutani na Picha ya Joto: Somo la Dalili na Sababu

Wanachuo wanaojiandaa kufundisha Sayansi na Teknolojia hutuuliza mara kwa mara swali moja ambalo hatuwezi kulipuuza: ya nini kumweleza mtoto wa Darasa la Sita habari za chombo ambacho shule yake haina, na pengine haitakuwa nacho kwa miaka mingi? Swali hili huzuka hasa tunapoitaja kamera ya joto, yaani kamera isiyopiga picha kwa mwanga bali kwa joto, ambayo mafundi wa majengo siku hizi huitumia kutafutia mahali ukuta ulipoloa pasipo kuubomoa wala kuutoboa.

Jibu letu ni kwamba kamera haipo lakini ukuta upo. Ni shule chache mno zisizo na ukuta wenye doa la unyevu, lipu iliyovimba, au chokaa inayobanduka kama magamba. Na kazi ambayo kamera hiyo huifanya, yaani kulinganisha joto la sehemu moja ya ukuta na joto la sehemu nyingine, mtoto aweza kuifanya kwa kipimajoto, chaki na subira. Ataifanya polepole na kwa makosa mengi zaidi, lakini itakuwa kazi ileile. Kinachotuvutia zaidi sisi walimu ni kwamba atalazimika kujibu swali lilelile linalomkabili fundi mwenye kamera: hili ninaloliona ni unyevu wenyewe, au ni dalili tu ambayo yaweza kuwa na sababu nyingine?

Twatahadharisha mapema kwamba sehemu kubwa ya makala hii haitakisifu chombo. Itaeleza namna kinavyoweza kumpotosha mtu, kwa kuwa humo ndimo lilimo somo.

Kamera huona nini

Kosa la kwanza ambalo mwalimu aweza kulifanya ni kuwaambia watoto kwamba kamera ya joto huona maji yaliyomo ndani ya ukuta. Haioni maji, wala haioni ndani ya ukuta. Hupokea mionzi itokayo kwenye uso wa ukuta tu, na kwa mionzi hiyo hukadiria joto la uso huo.

Kila kitu hutoa mionzi ya namna hii kwa kadiri ya joto lake, awe mtu, jiwe, au sufuria iliyoinjikwa jikoni. Mionzi hiyo huitwa infraredi. Jicho letu haliioni kwa sababu mawimbi yake ni marefu kuliko ya mwanga. Ukuta wenye nyuzi 27 za Sentigredi hutoa mionzi yake kwa wingi zaidi penye urefu wa wimbi wa karibu mikromita 10, ilhali mwanga mwekundu, ambao ndio mpaka wa mwanga tuuonao, una urefu wa karibu mikromita 0.7 tu. Ndiyo maana kamera hii hufanya kazi hata katika chumba chenye giza totoro: haihitaji taa kuumulika ukuta, kwa kuwa ukuta wenyewe ndio utoao kile kinachopimwa.

Yafaa watoto wasimuliwe jinsi mionzi hii ilivyogunduliwa, kwa maana kisa chenyewe ni kifupi na chaeleweka. Mwaka 1800 William Herschel, mwanafalaki aliyezaliwa Hanover na kuishi Uingereza, ambaye mwaka 1781 alikuwa amekwisha kuigundua sayari ya Uranusi, alipitisha mwanga wa jua katika mche wa kioo ukagawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua. Akaweka vipimajoto katika rangi hizo, mmoja baada ya mwingine, akaona joto likiongezeka kadiri alivyotoka katika zambarau kuelekea nyekundu. Kisha akaweka kipimajoto kando ya nyekundu, mahali ambapo macho hayakuona rangi yoyote. Hicho ndicho kilichopanda zaidi. Twakipenda kisa hiki kwa sababu chaonyesha kwamba babu wa kamera ya joto ni kipimajoto, ndugu wa kile kilichomo katika kabati la shule.

Rangi zinazoonekana katika picha ya joto ni za kupangwa. Chombo chaweza kuamriwa kupaka bluu penye ubaridi na nyekundu penye joto, au kinyume chake, au kutumia nyeusi na nyeupe peke yake. Mtoto akishikilia kwamba sehemu ya bluu ni maji kwa kuwa maji ni ya bluu, asichekwe, lakini asahihishwe siku hiyohiyo. Kosa hilo tumelikuta hata kwa watu wazima wenye elimu.

Licha ya hayo, si kila uso husema kweli mbele ya kamera hii. Lipu na rangi ya kawaida ya ukutani hutoa mionzi vizuri, karibu sehemu tisa katika kumi za kiasi kiwezekanacho. Lakini bati jipya linalong'aa hutoa mionzi kidogo sana na kurudisha mionzi ya vitu vingine, mfano wa kioo cha kujitazamia. Fundi asiye mwangalifu aweza kuiona taswira ya mwili wake mwenyewe juu ya kigae kilichong'arishwa akadhani ni bomba la maji moto. Kioo cha dirisha nacho hakipitishi mionzi ya urefu huu; ndiyo sababu lenzi ya kamera hizi hutengenezwa aghalabu kwa madini ya jerimani badala ya kioo.

Maji hufanya nini ukutani

Kama kamera hupima joto la uso tu, maji yaliyojificha hujulikanaje? Hujulikana kwa athari zake. Ya kwanza, na iliyo rahisi kuliko zote kwa mtoto wa Kiafrika, ni ile ya mtungi. Mtungi wa udongo hutoa jasho, jasho hukauka, na maji yaliyomo hupoa. Ndoo ya plastiki iliyowekwa kivulini pamoja na mtungi haipozi maji yake namna hiyo. Maji yageukapo mvuke huchukua joto kutoka mahali yalipokuwa, na kiasi kichukuliwacho si kidogo: gramu moja ya maji ikivukizwa penye nyuzi 30 huchukua jouli 2,400 hivi, kiasi kiwezacho kupoza nusu lita ya maji kwa zaidi ya digrii moja. Ukuta uliolowa ni mtungi uliosimamishwa wima. Uso wake huvukiza maji, ukawa baridi kuliko sehemu kavu iliyo jirani. Tofauti yenyewe mara nyingi ni nyuzi moja hadi tatu, nayo kamera huiona pasipo shida, kwa kuwa kamera za kawaida hutambua tofauti ya sehemu moja ya kumi ya digrii au chini ya hapo.

Athari ya pili ni kwamba maji ni mazito wa kupata joto na mazito wa kulitoa. Kilo moja ya maji huhitaji joto la karibu mara tano ya lile lihitajiwalo na kilo moja ya tofali kavu ili yapande kwa digrii ileile moja. Kwa hiyo sehemu iliyolowa huchelewa kupata moto asubuhi, nayo huchelewa kupoa jioni. Kadhalika, maji yakijaza vitundu vya tofali yakafukuza hewa iliyokuwamo, joto hupita ukutani kwa wepesi zaidi, maana maji hupitisha joto mara 20 na zaidi kuliko hewa iliyotulia.

Saa ya kutazama

Hapa ndipo wanachuo wengi hupotea, nasi twaomba wapasome polepole. Athari hizo hazivuti upande mmoja siku nzima.

Tuchukue ukuta wa nje unaoelekea magharibi, wenye doa lililolowa katikati. Adhuhuri na alasiri, jua linapoupiga, sehemu kavu hupata moto upesi. Sehemu iliyolowa huchelewa, tena huvukiza. Doa laonekana baridi. Jua likizama, sehemu kavu hupoteza joto lake haraka, ilhali iliyolowa bado imelishikilia lile ililolipata mchana. Yaja saa ambapo sehemu zote mbili zina joto sawa, na picha ya kamera haionyeshi chochote. Fundi akipiga picha saa hiyo ataandika kwamba ukuta ni mkavu. Baada ya hapo, ikiwa uvukizaji ni mdogo, doa lilelile laweza kuonekana lenye joto kuliko jirani zake. Maji hayakuongezeka wala kupungua, lakini picha zimekuwa tatu, nazo zapingana.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Uvukizaji huhitaji hewa iliyo tayari kupokea mvuke. Katika masika ya pwani yetu, hewa imekwisha kushiba mvuke na nguo zilizoanikwa hazikauki kutwa nzima, ukuta uliolowa chapachapa huvukiza kidogo mno na hupoa kidogo mno. Waweza kuchuruzika maji na picha ikatoka yenye rangi moja. Jambo hili huwashangaza watu, kwa maana wakati wa mvua ndio wakati mtu anapodhani kwamba unyevu utaonekana vyema. Aghalabu huonekana vyema siku kadhaa baada ya mvua kwisha, hewa ikikauka na ukuta ungali umelowa.

Ukuta uliobanduliwa bure

Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukiwatembelea wanachuo katika mazoezi ya kufundisha, tulikuta katika shule moja ya pwani doa la unyevu katika ukuta wa Darasa la Nne. Ukuta ulikuwa wa matofali ya saruji. Doa lilianzia sakafuni likafika kimo cha goti la mtu mzima. Kamati ya shule iliamua kwamba maji yanapanda kutoka ardhini, nasi tulipoulizwa tukaunga mkono. Hatukupima chochote. Doa lilikuwa chini, kwa hiyo maji yalitoka chini. Tuliridhika na hayo. Wazazi wakachanga fedha za saruji, lipu ikabanduliwa kwa patasi kutoka kona hadi kona, ikapigwa mpya. Watoto walisomea chini ya mwembe majuma matatu.

Masika yaliyofuata doa lilirudi, safari hii likafika kimo cha kifua cha mtoto. Mzazi mmoja alituuliza mbele ya mkutano ni mwalimu gani wa sayansi aliyetoa ushauri ule. Hatukuwa na jibu la kujivunia.

Baadaye alikuja fundi kukagua nyaya za umeme, akiwa na kamera ya joto ambayo mafundi wa umeme huitumia kutafutia viungo vya waya vinavyopata moto. Tukamwomba aielekeze ukutani. Ilikuwa yapata saa tano asubuhi, siku ya nne tangu mvua kukatika. Picha ilionyesha sehemu ya ubaridi iliyoanzia juu kabisa chini ya paa, nyembamba kama mkono, ikashuka huku ikipanuka hadi kulikuta lile doa la sakafuni. Sehemu ya juu ilikuwa imepakwa chokaa na kwa macho ilionekana kavu. Tulipopanda ngazi tukakuta bati mbili zisizopishana vizuri na msumari uliolegea. Maji yalikuwa yakiingia kichwani mwa ukuta, yakishuka ndani ya matofali yenye uwazi, yakajitokeza chini yalipokutana na sakafu. Lipu yetu mpya ya saruji ilikuwa imeyazuia yasikauke hapo chini, ndipo yakatafuta njia juu yake.

Kisa hakikuishia hapo, na sehemu iliyosalia ndiyo tunayoisimulia zaidi chuoni. Katika picha ileile mlikuwa na sehemu nyingine ya ubaridi, kubwa na yenye mpaka ulionyooka upande mmoja, karibu na dirisha. Mmoja wetu alikwisha kuishika patasi. Fundi akamzuia, akachukua kipimaunyevu chenye sindano mbili, akapima mahali pale na mahali pengine palipojulikana kuwa pakavu. Vipimo vilikuwa sawa. Tukatoka nje, tukaukuta mwembe umetia kivuli upande wa nyuma wa sehemu hiyohiyo ya ukuta, nayo ilikuwa haijapata jua tangu alfajiri. Chombo kimoja, kwa saa moja, kilikuwa kimetupa dalili moja ya unyevu na dalili moja ya kivuli, na rangi yake ilikuwa ileile.

Kesho yake ndoo ya maji ilimwagwa juu ya paa penye ule msumari. Muda si mrefu kipimaunyevu kilipanda sehemu ya juu ya ukuta. Hapo ndipo tulipothubutu kusema kwamba tumejua.

Kuta za matumbawe

Ilikuwa lipu, nayo hurekebishika. Pwani yetu ina kuta ambazo kosa kama hilo hugharimu zaidi. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake za ghorofani hubebwa na boriti za mikoko ambazo ncha zake zimezikwa ndani ya kuta. Ukuta wa namna hii hupokea maji na kuyatoa. Chokaa humruhusu mvuke atoke. Ukipigwa lipu ya saruji, maji hubaki ndani, na ncha za boriti huoza mahali pasipoonekana na mtu. Nyumba yaweza kuonekana imara kwa nje ilhali boriti zake zimebaki ganda.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, jengo lililojengwa mwaka 1883 zama za Sultani Barghash, iliporomoka likiwa katika ukarabati, na watu wakapoteza maisha. Hatusemi kwamba ni unyevu peke yake uliolifanya hilo. Majengo makubwa hayaanguki kwa sababu moja. Twalitaja ili mwanachuo aone kwa nini watu wanaotunza majengo hutaka kujua hali ya ukuta kabla ya kuugusa. Kila tundu litobolewalo katika ukuta wa umri huo ni hasara, na tundu lililotobolewa mahali pasipofaa ni hasara isiyofunza kitu.

Katika kuta hizo kuna fumbo jingine, nalo ni chumvi. Matumbawe na mchanga wa bahari huwa na chumvi, na chumvi hunyonya unyevu kutoka hewani. Ukuta waweza kulowa ilhali paa ni zima, bomba ni zima na ardhi ni kavu. Kamera haiwezi kutofautisha maji ya bomba na maji yaliyovutwa na chumvi. Unga mweupe unaochomoza juu ya lipu ni dalili ya kuangaliwa kwa macho tu, na mtoto huiona kabla ya mtaalamu.

Umbo la sehemu yenye ubaridi husaidia kukisia asili ya maji, ingawa halithibitishi. Ukanda wa mlalo unaoanzia sakafuni na kuishia kabla ya kimo cha mtu huelekea kuwa maji ya ardhini. Michirizi ishukayo huwa ya paa. Doa la duara huwa la bomba. Kona za vyumba visivyopitisha hewa hupoa zenyewe, na mvuke wa pumzi za watu hugeuka matone hapo.

Uthibitisho wa mwisho hupatikana kwa mizani: kipande cha ukuta huchukuliwa, hupimwa uzito, hukaushwa katika tanuri penye nyuzi 105 mpaka uzito usipungue tena, kisha hupimwa upya. Tofauti ni maji. Njia hii huharibu, lakini kidogo, kwa kuwa picha imekwisha kuonyesha ni wapi pa kuchukua vipande viwili vitatu. Kamera hupunguza matundu, haiyaondoi yote.

Somo lenyewe

Twapendekeza vipindi vitatu, cha mwisho kikiwa pacha. Watumie vipimajoto vya spiriti, wala si vya zebaki, maana zebaki ikimwagika darasani ni sumu. Na kabla ya lolote mwalimu aukague ukuta: penye soketi au swichi ya umeme karibu na doa, mtoto asiguse kabisa, na ukuta ulioinama au wenye ufa mpana si wa somo, ni wa kuripotiwa.

Kipindi cha kwanza kiwe cha kuuvunja udanganyifu wa mkono. Kipande cha chuma na kipande cha ubao viachwe kivulini usiku kucha. Watoto waviguse waseme kipi ni baridi zaidi. Wote watasema chuma. Kisha wavipime. Vipimajoto vitasoma sawa, na ubishi utakaozuka usikatizwe. Chuma huchukua joto la mkono upesi kuliko ubao, basi mkono hupima jinsi unavyonyang'anywa joto, si joto la kitu chenyewe. Mtoto aliyelielewa hili hatasema tena kwamba ukuta umelowa kwa sababu "ni baridi ukiugusa".

Kipindi cha pili ni cha matofali mawili, moja limelowekwa usiku kucha, jingine kavu, yote yamewekwa kivulini penye hewa. Baada ya saa moja au mbili yapimwe. Kisha lililolowa lifungwe barabara katika nailoni lipimwe tena baadaye. Tofauti itapungua, ingawa maji yamo palepale. Tumeona wanachuo wakiiruka hatua hii ya nailoni kwa kukosa muda. Wasiiruke. Ndiyo inayomwonyesha mtoto kwamba ubaridi hautoki kwa maji kuwapo bali kwa maji kuvukizwa, na kwamba maji yaweza kuwapo pasipo ubaridi.

Kisha ukuta. Ichorwe kwa chaki miraba ya sentimita 25, sita kwenda juu na minane kwenda kando, nayo iwe 48 kwa jumla. Darasa ligawanywe makundi manne, kila kundi na kipimajoto chake na miraba 12. Tungi ya kipimajoto ibanwe ukutani kwa kipande kikavu cha sponji kilichofungwa kwenye kijiti, maana mkono wa mtoto una joto lake. Dakika tatu kwa kila mraba. Hesabu hiyo hufika dakika 36, ndiyo sababu tukataka kipindi pacha. Vipimajoto vyote vinne vilinganishwe kwanza katika ndoo moja ya maji. Viwili vikitofautiana kwa digrii nzima, tofauti hiyo iandikwe ubaoni na kuondolewa katika hesabu, la sivyo watoto watagundua unyevu uliomo katika kipimajoto.

Katika dakika hizo 36 ukuta wenyewe utakuwa ukibadilika. Basi ichaguliwe miraba minne, mmoja wa kila kundi, ipimwe mwanzo na ipimwe tena mwisho. Ikiwa imepanda kwa digrii moja, mtoto ajue kwamba tofauti ya digrii moja kati ya mraba wa kwanza na wa mwisho haimwambii kitu. Hapa ndipo ubora wa kamera unapoeleweka pasipo kuhubiriwa. Kamera yenye nukta 160 kwa 120 hupima sehemu 19,200 kwa mara moja. Watoto wakokotoe wenyewe: sehemu hizo zikipimwa moja moja kwa dakika tatu kila moja, usiku na mchana pasipo kupumzika, kazi itachukua siku 40.

Kila kundi likiisha kupaka rangi miraba yake katika karatasi, liandike sentensi tatu. Ya kwanza ianze na "Tumeona", ya pili na "Twadhani", ya tatu na "Tutajua tumekosea ikiwa". Sentensi ya tatu ndiyo ngumu, nayo ndiyo ya kupewa muda. Katika somo moja la majaribio kundi la wasichana liliandika kwamba wangejua wamekosea ikiwa doa lingehama pamoja na kivuli cha nguzo ya baraza. Walirudi saa nane kutazama. Lilikuwa limehama.

Mwalimu asitoe maoni yake kabla ya vipimo kuandikwa. Tulimtazama mwanachuo mmoja, mwenye bidii na sauti nzuri, akiwaambia watoto mwanzoni kwamba maji yanapanda kutoka ardhini, kwa hiyo miraba ya chini itakuwa baridi zaidi. Ikawa baridi zaidi. Tulisimama nyuma ya kundi moja tukaona spiriti imesimama penye 28, na mtoto akaandika 26. Hakuwa mwongo, alikuwa amemtii mwalimu wake. Sisi tulioubandua ukuta wa Darasa la Nne hatukuwa na haki ya kumkemea yeyote kati yao.

Vipimo virudiwe siku nyingine kwa saa tofauti: asubuhi jua lisijapanda, na alasiri. Miraba ya chaki isifutwe. Karatasi zote, zenye tarehe, saa na hali ya hewa, zikabidhiwe kwa mwalimu mkuu, na siku fundi atakapoitwa kuutengeneza ukuta azikute mezani kabla hajatoa patasi mfukoni.